Baba Apigapo Magoti

Juma hili nimepata barua ya mama mmoja akaaye Mulungwishi, kando ya njia kuu itokayo Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi. Sitataja jina lake, wala yeye hakutaka litajwe. Ameniandikia katika karatasi mbili za daftari la shule, pengine daftari la huyo huyo mtoto anayemlilia. Namjibu hapa, mbele yenu nyote, kwa maana nadhani shida ya nyumba yake si ya nyumba moja tu.

Aandika hivi: "Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na mitano. Alipokuwa mdogo alinitangulia njiani kwenda kusali. Amepokea Komunyo ya Kwanza, amepata na Kipaimara. Sasa ni Dominika ya nane hataki kwenda kanisani. Nilimwuliza sababu, akanijibu: 'Mama, baba haendi, na Mungu hajamfanya neno.' Mume wangu hufanya kazi ya kuchimba upande wa Fungurume, naye hurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Akifika Jumamosi usiku, Dominika hulala. Si mtu mbaya. Huleta fedha, hanipigi, na watoto wanasoma kwa jasho lake. Lakini sijamwona akisali tangu siku ya ndoa yetu. Je, nimnyime mtoto bukari siku ya Dominika mpaka aende Misa? Au nimtoe katika shule ya Wamethodisti anamosoma, maana pengine ndiyo iliyomharibu?"

Mama mpendwa, umeniuliza maswali mawili. Nitaanza na lile la pili, kwa sababu ndilo jepesi.

Watu wote wa upande huu wajua ya kuwa Mulungwishi ni misheni ya zamani ya Wamethodisti. Askofu wao John Springer na mkewe Helen, Wamarekani, walianza kazi yao katika Katanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Leo hapo Mulungwishi pana Chuo Kikuu chao, nacho huwafundisha wachungaji na vijana wengine wengi. Basi nakuuliza: mtoto wako alipokwenda kucheza kwa jirani Mmethodisti, aliona jambo gani? Pengine alimwona mzee wa nyumba amefungua Biblia, na mkewe na watoto wamemzunguka. Je, hilo ndilo lililomharibu? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 21 Novemba 1964, ulitufundisha kuwahesabu hao kuwa ndugu katika Bwana na kuyafurahia mema tuyaonayo kwao. Ni kweli kwamba hatushiriki nao imani yote, na mtoto wako yampasa kujua kwa nini sisi tunakwenda Misa, na Ekaristi ni nini. Lakini mtoto hapotezi imani yake kwa kuwaona jirani wakisali. Huipoteza anapowaona jirani wakisali, kisha anarudi kwao na kukuta kimya.

Kwa hiyo usimtoe shuleni. Mwivi hakupita mlangoni kwa jirani. Tumtafute kwetu.

Wazazi wapendwa, tukumbuke jinsi tulivyozoea kuwaachia wengine kazi hii. Wabenediktini wa Ubelgiji walifika Katanga mwaka 1910 pamoja na Padre Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa Askofu. Zama hizo hizo zilikuja reli na migodi, zikajengwa kambi za wafanyakazi, na karibu na kambi zikajengwa shule na makanisa. Likasi, mji uliojulikana kwa jina la Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikua hivyo. Mtoto wa mfanyakazi alipata darasa, mwalimu, katekisimu na kengele ya Misa. Hiyo ilikuwa neema kubwa, nasi hatuna budi kuwashukuru waliojitaabisha. Lakini pamoja na neema hiyo baba wengi walianza kusema moyoni mwao: "Mafundisho ni kazi ya mwalimu, sala ni kazi ya Padre, na kazi yangu mimi ni kuleta mshahara." Walipompeleka mtoto shuleni na kumkabidhi kwa mwalimu, walimkabidhi na roho yake, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Baadaye ilikuja siku ya kujaribiwa. Wazee mnaikumbuka, na ninyi wanafunzi yafaa mwelezwe. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza watoto wasipewe majina ya Kikristu. Mwaka 1974 Noeli ikaacha kuwa siku ya mapumziko, na mwishoni mwa mwaka huo huo serikali ikazichukua shule zote za makanisa, za Wakatoliki na za Waprotestanti sawasawa. Somo la dini likaondolewa. Hali hiyo ikadumu mpaka tarehe 26 Februari 1977, serikali ilipopatana na makanisa na kuyarudishia uongozi wa shule zao. Muda huo wapita miaka miwili kidogo. Waweza kuonekana mfupi, lakini mtoto aliyeanza na miaka saba alifika miaka tisa bila kusikia neno la Mungu darasani.

Je, imani ilikufa katika Katanga? Haikufa, nanyi mnaosoma gazeti hili ndinyi mashahidi. Ilikaa wapi basi? Ilikaa jikoni na chumbani. Katika nyumba ambamo baba na mama walikuwa wakisali kabla ya amri ile kutoka, sala haikuhitaji ruhusa ya mtu. Mtoto aliweza kuwa na jina moja katika karatasi za serikali, na jina lingine, lile la ubatizo, ambalo mama alimwita nalo usiku akimfunika nguo. Lakini katika nyumba ambamo dini ilikuwa kitu cha shule tu, shule ilipochukuliwa, dini ilichukuliwa nayo, kama vile madawati na mbao za kuandikia.

Hili ndilo neno langu la leo, nalo naomba mlishike. Yale ambayo mtoto ameyapata shuleni tu, mtu mwingine aweza kumnyang'anya. Yale aliyoyaona kwa baba na mama yake atakwenda nayo mahali pote, hata siku atakapodhani kwamba ameyatupa.

Hayo si mawazo yangu mwenyewe. Mtaguso, katika mwaka ule ule wa 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, ukasema kwamba wazazi ndio wa kwanza kuwatangazia watoto wao imani, kwa maneno na kwa mfano. Tena kumbukeni siku ya ubatizo. Kabla ya maji, Padre huwauliza wazazi kama wanajua mzigo wanaoutwaa. Hamwulizi mwalimu, wala hamwulizi katekista. Kisha baba na mama humtia mtoto ishara ya msalaba katika paji la uso. Mwishoni mshumaa huwashwa kwa moto wa mshumaa wa Pasaka, nao wazazi na wasimamizi huambiwa wautunze mwanga huo. Mshumaa ule uko wapi leo katika nyumba zetu? Pengine umo sandukuni chini ya nguo, pengine umeliwa na panya.

Sasa nasema juu ya akina baba. Sisi wanaume twapenda sana methali ile isemayo: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Twaipenda kwa sababu yamtaja mama peke yake. Mtoto akiharibika, twamgeukia mke na kusema: "Tazama mtoto wako!" Akipata tuzo shuleni, twasema: "Mwanangu." Huko ni kujificha nyuma ya kanga ya mwanamke.

Ni kweli kwamba mama peke yake aweza mengi, kwa neema ya Mungu. Nakuandikia hili, mama wa Mulungwishi, ili upate nguvu. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, alikuwa binti wa nne katika mabinti sita. Baba yake alitamani mtoto wa kiume. Asipompata, alioa mke mwingine, na mama yake Anuarite akaachwa. Nyumba ile ilikuwa na kidonda. Lakini mama alikuwa amebatizwa pamoja na binti zake, na katika mikono yake msichana yule alikua akimpenda Kristu, akaingia utawa wa masista wa Jamaa Takatifu kule Bafwabaka. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, aliuawa kwa sababu alikataa kuuvunja usafi wake, naye alimsamehe aliyemwua. Mtu atokaye katika nyumba iliyovunjika alijua kusamehe. Tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri katika mji wa Kinshasa. Basi, mama, usiseme: "Mimi ni mmoja tu, nitaweza nini?"

Lakini yule Baba Mtakatifu mwenyewe, ambaye katika safari ile ile alifika na Lubumbashi kwetu, alikuwa na ushuhuda wa namna nyingine. Mama yake alifariki mwaka 1929, naye hajatimiza miaka tisa. Miaka mitatu baadaye kaka yake akafa. Akabaki na baba peke yake, askari mstaafu, katika mji mdogo wa Wadowice huko Polandi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 alieleza kwamba mara nyingine aliamka usiku akamkuta baba yake amepiga magoti. Wawili hao hawakuzungumza hata siku moja juu ya wito wa upadre. Hata hivyo mfano wa baba yule, asema, ulikuwa kwake kama seminari ya kwanza. Angalieni jambo hili, akina baba: mzee yule hakutoa mahubiri. Wala hakujua kwamba anatazamwa.

Hapa Katanga kwetu akina baba wamekwisha kulionja jambo hili. Tangu mwaka 1953, katika kambi za wachimbaji karibu na Kolwezi, Padre Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, aliketi pamoja na waume na wake zao, akawasikiliza na kujifunza kwao. Ndipo ulipotokea ule umoja ulioitwa Jamaa. Wachimbaji wale walitambua kwamba mume na mke ndio wanaokwenda kwa Mungu pamoja, na kwamba jina la baba si jina la mleta mshahara tu, bali la yule azaaye uhai katika wengine. Najua kwamba baadaye vikundi vingine viliiacha njia, na maaskofu walilazimika kuonya. Kosa la hao lisitufanye tusahau lile lililokuwa jema: mtu aliyeshinda shimoni alirudi nyumbani, akaketi na mkewe, wakasema habari za Mungu.

Wewe baba uliye Fungurume, sasa nasema nawe, kwa heshima. Sikuhukumu. Najua uchovu wa kazi yako, na Mungu aujua kuliko mimi. Unauza nguvu zako ili mtoto asome, na hilo nalo ni upendo. Lakini sikia neno alilolisema mwanao: "Baba haendi, na Mungu hajamfanya neno." Mtoto huyo hakusema hivyo kwa kukudharau. Amesema kwa sababu anakutazama wewe kuliko anavyomtazama Padre. Anapima dini nzima kwa kipimo chako. Ukiwa huna haja na Mungu, wewe mwenye nguvu, wewe mlisha nyumba, yeye atakuwa na haja naye ya nini?

Utauliza: "Nifanye nini, mimi nisiye na elimu ya dini?" Nitakutajia mambo manne, na hakuna hata moja lipitalo uwezo wako.

La kwanza, utakapofika nyumbani, kabla ya kulala watie watoto ishara ya msalaba katika paji la uso, kama ulivyofanya siku walipobatizwa. Haihitaji kusoma.

La pili, unayo simu. Kila jioni unapiga kuuliza kama fedha zimefika na kama mtoto mdogo amepona homa. Ongeza uniti chache, mwambie mkeo aiweke simu katikati yao, nanyi semeni Baba Yetu pamoja, katika Kiswahili au katika Kisanga, lugha yo yote ambayo watoto huotea ndoto. Haimalizi dakika moja. Watoto watajua kwamba sauti ya baba yao yaweza kutamka maneno hayo.

La tatu, ukikosa, omba radhi. Ukimtukana mtoto bila haki, mwambie: "Mwanangu, nimekosa." Wengi huogopa kwamba hapo heshima itaanguka. Haianguki. Mtoto ambaye hajamsikia baba yake akiungama kosa, atafikiri Kitubio ni adhabu ya watoto na wanawake.

La nne, fedha yako iwe safi, na mtoto ajue kwamba ni safi. Gunia la makala lijazwe mpaka chini, lisiwe na majani katikati. Mzani wa mawe usichezewe. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa mwaka 1981, alikuwa na kazi ya kukagua vyakula vinavyoingia mpakani. Watu walimpa rushwa ili apitishe mchele ulioharibika, akakataa, kwa maana wangeula maskini. Mwezi wa Julai 2007 waliomchukia walimwua. Kanisa lilimtangaza Mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Nasi twafurahi na kupiga vigelegele. Lakini je, twawalea watoto wetu waweze kukataa kama yeye, au twawafundisha kwa macho kwamba mwenye akili ni yule anayepokea?

Na wewe kijana, ambaye mama yako amenitumia habari zako katika karatasi za daftari, usikasirike naye. Aliyekuandikia machozi yake ni mtu akupendaye. Kuuliza maswali si dhambi. Mpelekee Padre au katekista maswali yako, hata yale makali. Lakini hoja yako moja ina ufa, nami nakuonyesha kama nionyeshavyo mwanafunzi katika hesabu. Wasema Mungu hajamfanya baba neno kwa kuwa hasali. Je, Mungu ni askari wa kuwapiga wanaochelewa? Ikiwa yeye huwapa mvua wasiosali kama awapavyo wanaosali, hiyo ni sababu ya kumkimbia au ya kumpenda? Tena fikiri: pengine baba yako hakuacha kusali kwa kiburi, bali hakuna aliyemwonyesha. Pengine ni wewe utakayemwambia: "Baba, twende pamoja." Baba wengi wamerudishwa na watoto wao.

Sasa nakurudia, mama, kwa swali lako la kwanza. Usimnyime bukari. Mtoto akienda Misa kwa njaa, atamkumbuka Mungu kama mtu aliyemfungia chungu. Mpe chakula chake, na sombe, kama ndugu zake. Mwambie waziwazi, bila kelele, kwamba wewe unakwenda, kwamba nafasi yake kando yako i wazi, na kwamba utamtaja kwa jina wakati wa Misa. Kisha nenda. Usikose, hata ukiwa peke yako njiani. Mtakatifu Monika, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi. Alimwendea askofu mmoja, akamsihi aseme na kijana. Askofu yule alimshauri amwache kwanza, amwombee tu, naye akamtia moyo kwamba mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Tena msisahau Patrisi, mumewe Monika, mtu mkali asiyekuwa Mkristu: yeye naye alipokea imani kabla ya kufa. Mama yule aliwapata wawili.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini nalitilia nguvu. Mume wako atakaporudi Jumamosi, usimpokee na gazeti hili mkononi. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, mwache awashike watoto. Akisha kupumzika, liweke mezani karibu na taa, wala usiseme neno. Akilisoma, vema. Asipolisoma, wewe piga magoti kando ya kitanda kama desturi yako, na umwachie nafasi.

Na wewe baba, ukiikuta nafasi hiyo, piga magoti, hata kama maneno yamekupotea. Wala mlango usiufunge kabisa. Mtoto wa miaka kumi na mitano huchelewa kulala, naye atapita hapo.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.